Mali bila daftari: wachuuzi wa ziwa wapewe elimu ya takwimu

Kila alfajiri soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hupokea magunia ya dagaa yaliyovuka maji kutoka Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na visiwa vingine vya Ziwa Victoria. Wanunuzi hufika kutoka mikoa ya mbali ya nchi yetu, na wengine kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Fedha nyingi hupita mikononi mwa watu kabla jua halijapanda. Hata hivyo, ukimwuliza mchuuzi aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini mwaka jana alipata faida kiasi gani, ni mwezi upi uliomtupa, na ni soko lipi lililomfaa kuliko mengine, aghalabu atatazama maji kwa kitambo, kisha atajibu: "Tunamshukuru Mungu, maisha yanakwenda."

Jibu hilo ni la mtu mwungwana, nasi hatumlaumu. Mchuuzi huyo anajua mambo mengi yasiyomo vitabuni. Akimshika dagaa kiganjani anajua kama ameanikwa juu ya mchanga au juu ya kichanja. Anajua ni mteja gani atalipa na ni yupi atazima simu. Lakini ujuzi wake wote umo kichwani, na cha kichwani hakiwezi kuonyeshwa benki, hakiwezi kupelekwa katika kikao cha halmashauri, wala hakirithiwi na mtoto siku mzee akifumba macho. Wazee wetu walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Tunasema leo kwamba wakati umefika kwa wachuuzi wakongwe wa ziwa hili kupewa elimu mpya ya kazi yao. Elimu hiyo ina sehemu tatu: kuipanga kazi hatua kwa hatua na kuiachia simu au kompyuta ile sehemu inayojirudia kila siku; kuzigeuza tarakimu ziwe michoro ambayo macho huielewa upesi; na kuandika taarifa fupi ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma na kuitegemea. Elimu hii isiachwe kwa vijana waliotoka vyuoni peke yao. Apewe kwanza yule anayeijua biashara, kwa kuwa ndiye mwenye tarakimu zenyewe.

Mwanza si mgeni wa jambo hili

Wako watakaodhani kwamba mambo ya takwimu ni ya Dar es Salaam, au ni ya Ulaya, na kwamba watu wa ziwa wanayapokea kama wageni. Historia haikubali. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliona kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuishia kulalamika. Walijipanga ili pamba yao ipimwe na watu wao wenyewe, na kutokana na madai hayo ya kipimo cha haki vikazaliwa vyama vya msingi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, kikaundwa kile Chama Kikuu cha Victoria ambacho baadaye kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Ushirika wa Kanda ya Ziwa, kwa maneno mengine, ulianza kwa swali la kilo ngapi, na nani ameziandika.

Lakini historia hiyo hiyo ina onyo. Ushirika ulipokua, hesabu zilihama kutoka kwa mwanachama zikaenda kwa karani, kutoka kwa karani zikaenda kwa meneja, na mwanachama akabaki na stakabadhi asiyoweza kuisoma. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja, miongoni mwa matatizo mengine, wanachama wasioelewa mambo ya chama chao na upungufu wa watendaji wenye ujuzi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na ilibidi kungoja hadi sheria ya mwaka 1982 ndipo virudishwe. Fundisho lake ni kwamba taarifa inayosomwa na mtu mmoja tu katika chama chenye watu mia ni mlango ulioachwa wazi kwa mwizi, hata kama siku hiyo mwizi hajafika.

Tena, Mwanza ndiko ulikoendeshwa, kati ya mwaka 1968 na 1972, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima wa mikoa ya ziwa hawakufundishwa kusoma kwa hadithi za paka na mbwa. Walifundishwa kwa vitabu vya pamba, vya ndizi, vya ng'ombe na vya uvuvi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye zikachaguliwa wilaya sita zitangulie kufuta ujinga wa kutosoma, Ukerewe ilikuwa mojawapo ya hizo sita. Mwaka 1967 watu wazima wapatao asilimia 67 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Kuanzia mwaka 1974 likachapishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili waliojifunza wasisahau.

Wazee wa Ukerewe walioketi chini ya miembe miaka hiyo wakiwa na kalamu mkononi walikuwa wavuvi, wakulima na kina mama wenye watoto mgongoni. Hakuna aliyewaambia kwamba umri wao umepita. Kama babu aliweza kujifunza herufi kwa kutumia nyavu na mitumbwi, mjukuu wake mchuuzi hawezi kushindwa kujifunza jedwali kwa kutumia magunia.

Hesabu ya magunia arobaini

Ili tusiseme kwa jumla tu, tutoe mfano. Tarakimu zake ni za kufundishia, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake mahali pake.

Mama mmoja ananunua kisiwani magunia 40 ya dagaa kwa shilingi 90,000 kila moja. Mwaloni anauza kwa shilingi 100,000. Kichwani mwake hesabu ni nyepesi: kila gunia limeleta 10,000, kwa hiyo safari imeleta shilingi 400,000. Anarudi nyumbani na moyo mweupe, na pengine anaahidi kulipa mchango wa harusi ya mtoto wa dada yake.

Sasa tuandike. Ununuzi ni shilingi 3,600,000. Nauli ya mzigo majini, shilingi 3,000 kwa gunia, ni 120,000. Upakuzi na ushuru, shilingi 2,000 kwa gunia, ni 80,000. Chakula na malazi ya siku tatu ni 45,000. Jumla ya gharama ni shilingi 3,845,000. Njiani mvua ilinyesha, magunia matatu yakalowa, yakauzwa kwa nusu ya bei. Basi mauzo ni magunia 37 kwa 100,000, yaani 3,700,000, na magunia matatu kwa 50,000, yaani 150,000. Jumla ya mauzo ni shilingi 3,850,000. Ukitoa gharama, faida ya safari nzima ni shilingi 5,000.

Mama huyu hakuibiwa na mtu, wala hakufanya uzembe. Amefanya kazi siku tatu, amehatarisha maisha yake juu ya maji, na amepata bei ya kilo chache za unga. Kinachoumiza zaidi ni kwamba hajui. Wiki ijayo atarudia safari ile ile kwa njia ile ile, na mtaji ukiisha atasema ni husuda ya majirani au ni bahati mbaya. Angeona kwa macho yake kwamba magunia matatu yaliyolowa yamemla shilingi 150,000, angejua kwamba turubai zuri ni rahisi kuliko mvua, na kwamba kuungana na wenzake wawili kukodi chombo kimoja kungebadilisha safari yote.

Mambo matatu ya kufundishwa

La kwanza ni mpango wa kazi. Biashara ya dagaa ina hatua zinazojulikana: kununua, kupima, kufunga, kusafirisha, kulipa ushuru, kuuza, kukopesha, kudai. Kila hatua ina jambo la kuandikwa, na mchuuzi akiliandika mara moja tu katika simu yake, mengine simu inaweza kuyafanya yenyewe. Ipo aina ya jedwali liitwalo lahajedwali, ambalo hujumlisha na kutoa kila unapoongeza tarakimu mpya. Simu inaweza kukumbusha deni siku ya ahadi. Inaweza kupeleka bei ya leo kwa wenzako kumi kwa mguso mmoja, badala ya kupiga simu kumi. Jambo hili halihitaji mitambo ya ajabu. Watu wetu walikwisha kuzoea kutuma na kupokea fedha kwa simu tangu huduma hiyo ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na kila muamala huacha kumbukumbu yake. Wengi wana daftari mfukoni bila kutambua kwamba ni daftari.

La pili ni mchoro. Mtu aliyeandika bei za mwaka mzima katika kurasa arobaini anazo tarakimu nyingi, lakini bado hazijamwambia neno. Azipange katika mstari mmoja unaopanda na kushuka, ataona mara moja jinsi bei inavyokwenda na mwezi wa mbinguni: wakati wa giza wavuvi wa dagaa wanapowasha taa na mzigo kujaa, na wakati wa mbalamwezi mwalo unapopoa. Ataona mvua za masika zinavyoharibu uanikaji. Aweke masoko matatu katika nguzo tatu zilizosimama pamoja, ataona ni lipi lililo refu baada ya kuondoa nauli, nalo mara nyingi silo lile linalosifiwa vijiweni. Mchuuzi mkongwe hasomi mchoro huo kama mwanafunzi. Anausoma kama mtu anayeiona sura ya rafiki wa zamani, na atakuwa wa kwanza kugundua mahali tarakimu zilipokosewa.

La tatu ni taarifa. Ukurasa mmoja unaoeleza nilinunua nini, niliuza nini, nilipoteza nini na kwa sababu gani, una nguvu kuliko maneno ya saa nzima. Benki huuliza kumbukumbu. Halmashauri, katika mikopo ile itokayo kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, nayo hutaka kikundi kioneshe mwenendo wa shughuli zake. Ziwa hili linajua thamani ya kumbukumbu kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia kwa nyakati mbalimbali samaki wa Ziwa Victoria wasiingie katika masoko yake, na viwanda vya minofu ya sangara vikatikisika. Mlango haukufunguliwa tena kwa kusihi. Ulifunguliwa kwa ukaguzi, kwa vipimo vya maabara na kwa maandishi yaliyoonyesha samaki ametoka wapi na amepita mikono gani. Kama sangara alihitaji hati ili avuke bahari, dagaa naye, ambaye leo anaongoza kwa uzito katika samaki wavuliwao ziwani, atahitaji hati ili apate bei inayomstahili.

Yaliyotokea kwa wenzetu

Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, wako wavuvi wa samaki wadogo ambao hali yao inafanana sana na yetu. Kati ya mwaka 1997 na 2001 simu za mkononi ziliingia katika pwani yao sehemu baada ya sehemu, na mtaalamu wa uchumi, Robert Jensen, alizifuatilia bei kabla na baada. Kabla ya simu, mwalo mmoja ulikuwa ukimwaga samaki kwa kukosa wanunuzi, na mwalo mwingine, usio mbali, wanunuzi walikuwa wakirudi na vikapu vitupu. Baada ya wavuvi kuanza kuulizana bei wakiwa bado majini, bei za mialo zilikaribiana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Mvuvi alifaidi na mlaji alifaidi. Aliyepoteza ni yule aliyekuwa akiishi kwa kutojua kwa wengine.

Hapa karibu, nchini Kenya, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi ilikwisha kuanzisha, zaidi ya miaka kumi iliyopita, utaratibu wa kukusanya bei za samaki kutoka mialo ya Ziwa Victoria na kuzigawa kwa ujumbe mfupi wa simu. Ziwa ni moja, na Tanzania ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi, karibu nusu ya maji yote. Haipendezi mwenye nusu ya ziwa awe wa mwisho kujua bei ya samaki wake.

Hesabu ni uhai

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kuambiwa kwamba hesabu si jambo la fedha tu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hadi leo hatuwezi kuwataja wote waliopotea. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 wakafa, swali la kwanza la kila familia lilikuwa: walikuwamo wangapi? Wengi wa waliokuwamo walikuwa wakitoka au wakienda sokoni na bidhaa zao.

Hatuyakumbuki haya ili kufungua vidonda. Tunayakumbuka kwa kuwa desturi ya kuandika huanzia katika mambo madogo. Watu waliozoea kuandika kila gunia lililopakiwa na uzito wake hawatashindwa kuona kwamba chombo kimezidishiwa mzigo, na watakuwa na la kumwonyesha nahodha anayewaambia kwamba nafasi bado ipo.

Wanaopinga wajibiwe

Wapo watakaosema kwamba wachuuzi hawa wamefanya biashara miaka yote bila michoro, na wamesomesha watoto. Ni kweli. Lakini wamesomesha watoto hao kwa jasho ambalo sehemu yake ililiwa na wengine. Dalali anayezungumza na masoko matano kila asubuhi anajua bei ya kesho. Mchuuzi anayetoka kisiwani anajua bei ya juzi. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo nyumba ya dalali.

Wapo watakaosema kwamba watu wazima hawawezi kujifunza vyombo vipya. Tuwakumbushe Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022. Kwa mara ya kwanza nchi nzima ilihesabiwa kwa vishikwambi, na makarani waliofanya kazi hiyo, katika vijiji na visiwa, walifunzwa kwa wiki chache tu. Tulipata watu 61,741,120, na hakuna aliyesema kwamba Watanzania wameshindwa na mashine.

Lipo pingamizi la tatu, nalo ndilo zito. Mchuuzi anaogopa. Anasema moyoni: nikiandika kila kitu, mkusanya kodi atakuja asome. Serikali yenyewe imekwisha kuweka mashine za stakabadhi na mashine za kukusanyia ushuru, na kwa hiyo mchuuzi anaona kwamba kila chombo kipya kinamtazama yeye, na hakuna hata kimoja kinachomsaidia yeye kutazama. Hofu hii haiondolewi kwa hotuba. Inaondolewa kwa masharti yanayojulikana. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mafunzo haya yaendeshwe kwa kuiheshimu: daftari la mwanafunzi liwe mali ya mwanafunzi, na kinachotolewa kwa chama au kwa halmashauri kiwe jumla isiyotaja jina la mtu ila kwa ridhaa yake. Ofisa atakayeligeuza darasa kuwa mtego wa kodi atakuwa ameua darasa hilo na mengine kumi yatakayofuata. Tena, tukumbuke kwamba asiye na hesabu ndiye anayekadiriwa kwa kubahatisha. Mwenye kumbukumbu safi anaweza kusimama mbele ya mkadiriaji na kusema: safari hii nimepata shilingi 5,000, na hizi hapa stakabadhi zangu.

Wajibu wa Serikali na wajibu wetu

Kwanza, mafunzo yawafuate watu mialoni, yasiwangoje mjini. Mama wa Irugwa hawezi kuacha mzigo wiki mbili akalale Mwanza. Wakati wa kufundishia upo, na ziwa lenyewe limeupanga: siku za mbalamwezi, uvuvi wa dagaa unapopumzika, mchuuzi naye hupata nafasi. Siku tano katika kila mbalamwezi kwa miezi sita zinatosha kumfikisha mtu mahali pa kujitegemea. Lugha iwe Kiswahili, na mifano iwe dagaa, sato, sangara na furu, si viwanda vya nchi za mbali.

Pili, walimu tunao. Nyegezi kuna Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na kuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi. Mwanza kuna kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara. Sengerema kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Kinachokosekana ni mtu mmoja katika mkoa mwenye dhamana ya kuviweka mezani pamoja. Tunaomba ofisi ya Mkoa ibebe dhamana hiyo, na halmashauri za kandokando ya ziwa zitenge kifungu chake katika bajeti, hata kikiwa kidogo. Kila darasa litoe wachuuzi wawili hodari, wake kwa waume, wawe wakufunzi wa darasa linalofuata. Mchuuzi humsikiliza mchuuzi.

Tatu, vipimo vinyooshwe. Hakuna mchoro utakaosema kweli ikiwa gunia la mwalo mmoja si sawa na gunia la mwalo wa pili, na ndoo ya kununulia ni kubwa kuliko ndoo ya kuuzia. Lumbesa ni adui wa takwimu kama ilivyo adui wa mkulima. Wakala wa Vipimo ufike visiwani mara kwa mara, na kila mwalo mkubwa uwe na mizani iliyokaguliwa. Wazee wa mwaka 1950 walianzia hapo, nasi hatuwezi kuparuka.

Nne, takwimu zinazokusanywa ziwarudie waliozitoa. Maofisa uvuvi na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi huhesabu samaki katika mialo mwaka baada ya mwaka. Taarifa hizo hupanda ofisini, nazo ni nadra kushuka. Kila mwisho wa mwezi ubandikwe ubao mwaloni wenye mchoro mkubwa unaosomeka na wote: bei zilikwendaje, mzigo ulikuwa kiasi gani, upotevu ulikuwa kiasi gani. Mvuvi anayeona kwa macho yake kwamba samaki wanapungua atauelewa ulinzi wa ziwa vizuri zaidi kuliko yule anayekutana nao kwa mara ya kwanza nyavu zake zinapochomwa.

Tano, vyama vya ushirika na vikundi vya wachuuzi viweke sharti kwamba taarifa ya hesabu isomwe mbele ya wanachama kwa mchoro, na mwanachama yeyote awe na haki ya kuuliza. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekwisha kuvitaka vyama vitumie mfumo wa kompyuta katika kumbukumbu zao. Ni hatua njema. Lakini mfumo unaoeleweka na katibu peke yake utaturudisha kule kule kulikoikuta Kamati ya mwaka 1966.

Nasi wananchi tusingoje Serikali peke yake. Daftari la shilingi mia chache na kalamu vinatosha kuanzia. Anayeandika leo kwa mkono, kesho akipewa jedwali la simu atajua la kuweka ndani yake. Asiyeandika kabisa, hata akipewa kompyuta ya bei kubwa, ataifunika kwa kitambaa. Watoto wetu walio sekondari, ambao simu wanazijua kuliko baba zao, wakae na mama zao jioni nusu saa wawasaidie. Wazee walisema: biashara asubuhi, jioni mahesabu.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa zipatazo tatu, na kivuko kilichokuwa kikila saa za watu kikapata mapumziko. Mwaka uliotangulia, Januari 2024, alikuwa amezindua hapa Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Hizo ni hatua kubwa, nasi tunazipongeza. Lakini boti ya mkopo hulipwa kwa faida iliyohesabiwa, na kizimba huhitaji kuandikwa chakula kilichomwagwa, samaki waliokufa na uzito uliovunwa, la sivyo kitageuka sanduku la kuzamishia fedha. Barabara hufikisha mzigo sokoni upesi. Haimwambii mwenye mzigo kama alikuwa na sababu ya kuupeleka.

Tunamtazama yule mama wa magunia arobaini. Hatumtakii ahama kisiwani, wala hatumtakii aache dagaa. Tunamtakia jambo moja: safari ijayo, kabla hajapandisha mzigo chomboni, ajue kwa maandishi yake mwenyewe kama safari hiyo inamlipa. Akijua hivyo, bei atakayoitaja Mwaloni itakuwa na mguu wa kusimamia, na dalali atalazimika kuisikiliza. Waheshimiwa madiwani, ndugu maofisa wa uvuvi, ushirika na maendeleo ya jamii, bajeti inayofuata ina nafasi ya darasa la mama huyu. Liandikeni humo.